Karani wa Nakala Safi

Karatasi uliyoitaka ilikuwa kila mara katika ile nyumba nyingine. Karani alikuwa na nyumba mbili, moja katika kishamba chake nje ya mji wa Kitale, nyingine kwao Myanga, huko Bungoma. Kumbukumbu za shamba la mzungu aliyemwajiri ujanani alikuwa amezigawa kati ya nyumba hizo kwa utaratibu ambao hakuna aliyewahi kuuelewa, mkewe akiwemo. Ukimfuata Kitale atakwambia, "Hiyo iko Myanga." Ukijipa moyo, ukatia mafuta kwenye gari, ukapita Webuye hadi Myanga, utamkuta kwenye kiti chake cha kamba, akutazame kwa huruma ya daktari na kusema, "Hiyo si nilirudisha Kitale juzi?"

Nilimfuata hivyo kwa miaka mingi ya mwanzo wa karne hii. Nasema mapema ili msomaji asitarajie upole. Watu wengi wakiandika juu ya wazee huandika kwa macho yenye machozi. Mimi huyu namwandika nikiwa nimeuma meno, na daktari wangu wa meno ameshaniuliza sababu.

Shamba lenyewe lilikuwa la mahindi na ng'ombe wa maziwa. Wafanyakazi waliishi na familia zao katika safu za vibanda zilizoitwa laini, na Karani, kijana aliyetoka shule ya misheni na mwandiko wa kupendeza, aliajiriwa kuyaandika maisha yao. Nani amekamua, nani amekosa kazini, nani amepewa posho, laini gani imepata mtoto, nani amefariki na stoo imetoa mbao ngapi za jeneza. Uhuru ulipokuja mzungu akauza, akaondoka, shamba likakatwa vipande. Wenzake Karani waliondoka na milango na mabati. Yeye alijaza karatasi kwenye mkokoteni, na watu wakamcheka njia nzima. Baadaye alipata kipande chake cha ardhi kutoka shamba lile lile, karibu na lilipokuwa zizi, kwa hiyo unaweza kusema karatasi hazikwenda mbali.

Aliyenituma kwake ni mama yangu, ambaye alizaliwa katika zile laini. Mama yake, yaani nyanya yangu, alifariki hapo mama akiwa mtoto wa kushika sketi. Akazikwa hapo hapo, na muda si muda babu akawahamishia watoto shamba jingine. Babu hakulizungumza tena jambo hilo mpaka naye akafariki. Makaburi ya laini hayakuwekewa hata jiwe, na siku hizi juu yake kuna mahindi ya watu wengi wasiojuana. Mama aliuza vitunguu na viazi katika soko la Kitale maisha yake yote, na si mtu wa kulia ovyo. Alichoniambia kilikuwa kifupi.

"Nataka kusimama hapo mara moja tu, nimwambie nimezeeka kumpita."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hiyo ni kazi ya siku chache. Nina shahada ya historia. Wakati huo nilikuwa pia naandika makala katika magazeti ambayo mama alifungia wateja wake vitunguu, kwa hiyo nilijiona mtu anayejua njia za karatasi.

Siku ya kwanza Karani alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo babu yako alikuwa anakamua ng'ombe gani?"

Nilidhani ananitania, kumbe alikuwa anauliza namba ya faili. Katika lile shamba kila ng'ombe alikuwa na kadi yake, na watu waliandikwa chini ya ng'ombe waliyemkamua, pamoja na wake zao na watoto wao. Karani hakuona sababu ya kubadilisha mpango huo. "Mtu anabadilisha jina," alinieleza. "Leo anabatizwa, kesho anatoroka bibi anaenda Kapenguria kujiita mtu mwingine. Ng'ombe hana hiyo tabia."

Nilirudi sokoni nikiwa na aibu ya kuuliza swali kama hilo. Mama alikuwa anapanga vitunguu, na hakuinua kichwa.

"Desi," alisema. "Alikuwa na teke la mguu wa kulia. Baba alikuwa na kovu hapa."

Sura ya mama yake hakuikumbuka, lakini mguu wa ng'ombe aliukumbuka. Nilimpelekea Karani jina hilo, naye akafurahi kama aliyeletewa salamu na rafiki wa zamani.

"Desi! Huyo alikuwa ng'ombe ya adabu."

"Alimwachia babu yangu kovu, mzee."

"Babu yako alikuwa na mikono baridi."

"Haya, basi tumtazame."

"Desi iko Myanga," akasema.

Sasa nieleze ule ugonjwa wake, maana kuhamisha karatasi ulikuwa mchezo tu ukilinganishwa nao. Zamani shambani, kila mwisho wa mwaka, mzungu alidai nakala safi ya vitabu vyote, isipokuwa cha stoo kilichokaa pakavu. Vile vya kila siku viliandikiwa zizini, vikapakwa samadi na maziwa na matope. Karani alivinakili kwa wino mzuri, mstari kwa mstari, halafu vile vichafu vikachomwa mbele ya bosi ili kusiwe na hadithi mbili za shamba moja. Mzungu aliondoka. Amri yake haikuondoka. Kila kiangazi baada ya mavuno Karani aliketi mezani, akanakili daftari zilizofika zamu, akachoma za zamani. Wakati mimi nafika, kuna kumbukumbu zilizokuwa zimenakiliwa mara nyingi kiasi kwamba karatasi iliyoguswa na zizi ilikuwa moshi tangu nikiwa shule ya msingi. Nakala mpya aliziandika katika daftari za shule, na alizinunua Webuye tu. Karatasi iliyonunuliwa karibu na kiwanda kilichoitengeneza, alisema, haijachoka na safari.

Mara ya kwanza kushuhudia jambo hili nilikuwa Myanga. Mkewe, Mama Karani, alinikaribisha chai. Nikaona pembeni ya jiko kurasa za kahawia zenye mistari myekundu, zikijikunja moja moja. Chai niliyopewa ilichemshwa kwa daftari la posho. Niliinywa. Ilikuwa na sukari nyingi.

Siku hiyo nilimpa Karani mhadhara mzima. Nikamweleza kuhusu chanzo cha msingi, kwamba mwanahistoria hutafuta maandishi ya kwanza kabisa kwa sababu ndiyo yaliyo karibu na tukio. Alinisikiliza akimenya ndizi.

"Wewe umesoma sana," alisema. "Lakini ukichota maji mtoni unakunywa hapo hapo? Si unaacha kwanza matope ikae chini?"

"Matope ndiyo ninayotafuta, mzee."

"Basi ukienda hapo nje utapata mingi. Jana ilinyesha."

Alikuwa mtu wa kuchukia uongo, na hapo ndipo kichwa kiliponiuma zaidi. Kanisani mchungaji aliwahi kutangaza kwamba kanisa lilijaa pomoni Jumapili iliyopita, Karani akasimama na kusema viti vya nyuma vilikuwa wazi, na yeye alikuwa amekalia kimoja. Aligombana na mwenye mashine ya kusaga kwa sababu ya mizani mpaka wakaacha kusalimiana. Mkewe alikuwa akiwaonya wageni wakija: "Usimwulize kama umenona, baba, atakwambia." Mtu huyohuyo, akishika kalamu, alibadilisha mambo bila kupepesa macho.

Niligundua siku moja alipoacha daftari la zamani na nakala yake mezani, akaenda kufukuza mbuzi. Daftari la zamani lilisema mkamuaji fulani "amelewa, hakukamua". Nakala ilisema "mgonjwa". Nilipofunua zaidi nikaona mfanyakazi aliyeandikwa kwa jina la kejeli alilopewa na nyapara, Sikio Bovu, sasa ana jina lake kamili na la babake. Watoto waliokuwa wameandikwa "mtoto, msichana" walikuwa wamepewa majina. Na nikaona, ili msomaji asimfanye malaika, kwamba babake yule mwenye mashine ya kusaga, aliyekuwa mkamuaji katika daftari la zamani, sasa alikuwa amekuwa mfagia zizi.

Aliporudi nilimwonyesha lile neno "mgonjwa".

"Kwani ulevi si ugonjwa? Wewe si ndiye unaandika gazeti? Soma hizo magazeti."

"Na huyu mfagia zizi?"

Alivaa miwani, akatazama ukurasa kwa muda mrefu. "Huyo alifagia pia," alisema.

Nililala na hasira siku nyingi. Na kuna siku moja iliyonichanganya zaidi ya zote. Tulikuwa Kitale, akaja mwanamume wa makamo kutoka mtaa wa Kipsongo, msukuma mkokoteni wa mizigo, shati limetoboka begani. Alitaka tu kujua kama ni kweli babake aliwahi kufanya kazi shambani, maana watu wa kule kwao walimwambia hana mahali alikotoka. Alilijua jina la ng'ombe. Karani akatoa daftari, akaweka kidole, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Fundi wa mashine ya kukata majani."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake. Ukurasa ulisema "kibarua", na baada ya hapo, "amefukuzwa".

Yule mtu aliomba asomewe tena, akasomewa. Akashukuru, akavuta shati lake likae sawa, akaondoka akitembea kama mtu aliyeitwa mahali.

"Umemdanganya," nilimwambia Karani.

"Nimemdanganya nini? Baba yake alikuwa na mikono ya fundi. Angevumiliwa kidogo angekuwa fundi. Si ni mzungu alikosa subira, bana?"

"Imeandikwa amefukuzwa."

"Ndiyo maana bado sijanakili," akasema, kana kwamba mimi ndiye mzito wa kuelewa.

Nilijaribu kila njia ya kuziokoa zile karatasi. Nilileta kamera, akakataa. "Unaweza kupiga mtu picha akiwa anaoga?" Nilimleta ofisa wa nyaraka kutoka Nairobi, kijana mpole mwenye glavu nyeupe. Karani akamwomba aandike sentensi moja aone mwandiko wake. Aliitazama, akamrudishia, akamwambia anamtakia kazi njema katika kazi nyingine. Nilimwomba aniuzie, akaniuliza kama nawauzia watu picha za wazazi wangu. Wakati mmoja nilifikiria hata kuiba. Lakini mwizi lazima ajue kitu kiko nyumba gani, na mimi hilo ndilo lililonishinda.

Daftari nililolitaka kweli lilikuwa la stoo. Kadi ya Desi nilikuwa nimeiona hatimaye. Babu alikuwemo, na mkewe, na mama yangu kama mtoto wa pili, lakini kadi haikusema lolote kuhusu kifo. Kama kulikuwa na mahali palipotaja maziko, palikuwa katika daftari la stoo, penye hesabu za mbao. Nilipolitaja tu, Karani alianza kuzungumzia mvua.

"Hiyo sijafika," alisema mwaka wa kwanza. Akasema hivyo mwaka uliofuata, na uliofuata huo.

Nyumbani mama aliacha kwenda sokoni kwa sababu ya magoti. Kila niliporudi aliniuliza swali lile lile. Mama huniita baba, kwa kuwa nina jina la babake, yule yule wa mikono baridi.

"Karani anasemaje, baba?"

"Anasema hajafika."

"Si umpe lifti?"

Kisha ukaja ule mwaka wa uchaguzi ambao majirani walifukuzana, barabara zikafungwa, na sisi ambao asili yetu ni Mkoa wa Kati tukalala na viatu miguuni. Hata katika hofu ile nilijikuta nikiwaza nyumba ya Karani ikiungua. Nilipofika kule barabara zilipofunguliwa, kila kitu kilikuwa mahali pake, na yeye anafuta vumbi kwenye daftari. Karatasi zile zilikuwa na adui mmoja tu duniani, naye alizipenda.

Mara ya mwisho kuketi naye ni yeye aliyeniita. Alipiga simu kwa namba ya jirani: nije Kitale, nije na kalamu yangu, nije na mama. Nilimkuta macho yake yameingiwa na ukungu mweupe. Aliutambua mlango kwa mwanga wake na mimi kwa kikohozi. Mama aliketi nje na Mama Karani, wakaanza kupukuchua mahindi na kulaumiana kuhusu bei ya mbolea, ingawa hawakuwahi kuonana kabla.

Ndani, juu ya meza, palikuwa na daftari la stoo. Lile lile la kwanza, jalada limeliwa na mende, kurasa zikinuka mafuta ya taa. Kando yake daftari jipya la shule.

"Mimi siwezi tena," alisema. "Leo utasoma, utaandika. Anza pale pa Desi."

Baada ya miaka yote hiyo nilikuwa nimeshika maandishi ya kwanza kabisa, ya mkono wa kijana aliyekuwepo, matope na yote. Nikaupata mstari. Ulisema: mke wa mkamuaji wa Desi, amekufa. Mbao nne, misumari. Mume ruhusa nusu siku.

Nikafunua ukurasa. Mstari uliofuata ulikuwa wa dawa ya kuogeshea ng'ombe joshoni. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele, nikatafuta waliofariki wengine. Wote walikuwa na mbao zao na misumari yao, na hakuna hata mmoja aliyeandikiwa mahali.

"Haisemi wapi," nilisema.

"Stoo inaandika kile kimetoka. Haiandiki kimeenda wapi."

"Ulijua?"

"Si ni mimi niliandika?"

"Mzee, miaka yote hii unajua daftari hili halina kitu, na mama yangu amekaa nyumbani anangoja?"

Alikuwa anapapasa daftari jipya, akilinyoosha ambapo palikuwa pamenyooka tayari.

"Hizo zingine zote nilijua niandike nini," alisema. "Hii ilinishinda. Nilikuwa natafuta."

"Hukwenda kuzika?"

"Karani haendi. Nani angebaki stoo?"

Nilitaka kumwambia mengi, na baadhi yake nilikuwa nimeyatunga tangu mwaka wa kwanza. Hakunipa nafasi. Aliinua sauti akaita, "Mama, njoo ndani, tumefika pale."

Mama akaingia polepole, vumbi la mahindi likiwa mikononi, akashika ukingo wa meza. Karani alilivuta daftari la zamani mbele yake, akaweka kidole, akainua kidevu, akasoma kwa ile sauti yake ya kanisani. "Mke wa mkamuaji wa Desi. Amezikwa kwa heshima. Nyuma ya laini ya tatu, upande wa josho, kichwa kikiangalia mlima."

Kidole chake kilikuwa juu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, mwanawe aliyemsomesha kwa vitunguu hadi chuo kikuu.

"Ndivyo imeandikwa, baba?"

Daftari lilikuwa wazi mbele yangu. Mwandiko ulikuwa mzuri, kila herufi inasomeka. Nilimchukia yule mzee kwa moyo wangu wote wakati ule, na nadhani alijua, maana alikuwa amegeuzia macho yake meupe upande wangu, kama mwalimu anayengoja jibu ambalo tayari ameshalisahihisha.

"Ndivyo," nilisema.

"Basi twende kabla ya mvua."

Josho bado lipo. Ni shimo la saruji lililojaa magugu, mwendo mfupi kutoka kwa Karani. Laini ya tatu ilikuwa wapi, mimi sijui, na niliokutana nao njiani hawakujua pia. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, tukatembea juu ya mabua, mama akiegemea bega langu, mlima Elgon ukiwa mbele yetu umejifunika nusu. Nilikuwa nahesabu kichwani jinsi safu za vibanda zingeweza kupangwa kutoka zizini, kwa elimu yote niliyonayo, na hesabu hiyo haikuwa na mwanzo wala mwisho. Mama alikuwa anahema tu, na nilijua magoti yale hayatafika mbali zaidi.

Nikafika mahali ambapo ardhi ilikuwa imeinuka kidogo, au nilitaka iwe imeinuka. Nikasimama.

"Hapa," nilisema.

Mama aliliachia bega langu. Alijifunga leso vizuri kichwani, akatazama chini kwa muda, kisha akanitazama mimi na kukunja uso.

"Sogea kidogo, baba," alisema. "Umesimama juu yake."